Kuunganisha Makundi Mawili ya Nyuki Katika Mzinga Mmoja: Mwongozo kwa Wafugaji wa Malindi

Kundi dogo la nyuki hutumia karibu nguvu zake zote nyumbani: kulea majana (mayai, mabuu na nyuki wachanga walio bado vijumbani), kupepea mzinga usichemke, kulinda mlango. Wanaobaki wa kwenda machungani ni wachache. Kundi kubwa lina wa kufanya kazi hizo na bado linabakiwa na nyuki wengi wa kuleta nekta. Ndiyo sababu kundi moja lililojaza fremu nane za masega huweka asali nyingi kuliko makundi mawili ya fremu nne nne, hata kama jumla ya nyuki ni ileile. Mfugaji anayekwenda kurina mizinga kumi na kupata asali katika mitatu tu, mara nyingi ana makundi mengi kuliko nyuki alionao.

Maelezo mengi ya kazi hii yametoka nchi za baridi, ambako makundi huunganishwa kabla ya theluji. Malindi shida zetu ni mbili tofauti: masika na kaskazi. Mwezi wa Mei mvua huweza kunyesha siku kadhaa mfululizo, nyuki wasitoke, na kundi dogo likala akiba yake yote likafa au likahama. Kati ya Januari na Machi jua huwa kali na maua hupungua, hasa upande wa bara kama Langobaya na Marafa. Ukanda wa karibu na bahari una nafuu kwa kuwa minazi huchanua mwaka mzima na chavua haikatiki kabisa, lakini chavua pekee haijazi masega asali.

Basi nyakati nzuri za kuunganisha ni mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, kabla masika hayajakolea, na tena Juni mvua zikishapungua, ili mikorosho na miembe itakapochanua kuanzia Julai uwe na kundi lililokwisha kutulia. Yai huchukua takriban wiki tatu kuwa nyuki, na nyuki huyo hukaa kazi za ndani wiki nyingine mbili au tatu kabla ya kwenda machungani. Ukingoja hadi korosho imejaa maua, umechelewa.

Jua kwanza kwa nini kundi ni nyonge

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Kuunganisha si dawa ya kila unyonge, na kundi linaloumwa likichanganywa na zima humaliza yote mawili.

Fungua mzinga baada ya saa kumi jioni na uhesabu fremu zilizofunikwa na nyuki pande zote mbili. Kwa mzinga wa Langstroth (wa masanduku yanayopangwa moja juu ya jingine) wa fremu 10, kundi la fremu nne kushuka chini, wakati majirani wake hapohapo wana saba au nane, ni la kufikiriwa. Kwa mzinga wa KTBH (Kenya Top Bar Hive) wa papi za juu, yaani vipande vya mbao vinavyoning'iniza masega, hesabu papi tano kushuka chini.

Kisha tafuta sababu. Kama malkia amekufa, amezeeka, au kundi limetoa makundi ya kuhama mara tatu nne mfululizo likabaki tupu, kuunganisha ndiyo njia. Malkia aliyezeeka utamjua kwa majana yake: yametawanyika kama sega lililotobolewatobolewa, badala ya kuwa bapa moja lililojaa. Kama sababu ni majimoto (chungu wekundu) wa kwenye miembe na mikorosho, au siafu, dawa ni kupaka grisi kwenye miguu ya mzinga au nyaya zinazouning'iniza na kukata tawi lolote linalougusa. Ukiunganisha bila kufanya hivyo, majimoto watakula kundi kubwa kama walivyokula dogo, ila watashiba zaidi.

Angalia pia ugonjwa. Majana mazima yana vifuniko vya rangi ya kahawia vilivyovimba kidogo, na mabuu yake ni meupe yanayong'aa. Ukiona vifuniko vimebonyea na vina vitundu, chukua njiti ya kiberiti, tumbukiza kwenye kijumba kimoja, vuta polepole. Ikivutika kama gundi na kutoa harufu mbaya, funga mzinga huo, usihamishe fremu hata moja, osha patasi kwa moto na umwite afisa wa mifugo. Mabuu yaliyokauka meupe, magumu kama vipande vya chaki, ni ugonjwa wa ukungu. Mzinga huo uweke mahali pakavu penye hewa na usubiri upone kabla ya kufikiria kuunganisha.

Nondo wa nta na mende wadogo weusi wa mzingani wapo karibu kila mahali pwani. Wakiwa wachache wakandamize na uendelee. Sega lililokwisha kufumwa utando wa nondo litoe, uliyeyushe nta.

Vibarua wanaotaga

Kundi lililokaa wiki kadhaa bila malkia wala majana machanga huanza kutaga lenyewe: nyuki vibarua, yaani majike wafanyakazi, hutaga mayai yasiyorutubishwa, na yote hutoka madume. Dalili zake haziwezi kufichika. Kijumba kimoja kina mayai mawili, matatu, hata matano. Mayai yamebandikwa ukutani kwa sababu tumbo la kibarua ni fupi na halifiki chini. Vijumba vya vibarua vina vifuniko vilivyotokeza kama risasi.

Kundi hili usiliunganishe kwa njia ya gazeti inayoelezwa hapa chini. Linajiona lina malkia tayari, na mara nyingi litamuua yule wa kundi jingine. Fanya hivi: jioni yenye utulivu, beba mzinga huo mita kama 20 kutoka mahali pake, kung'uta nyuki wote chini kwenye majani, toa mzinga na stendi yake kabisa. Nyuki watarudi, wakute nyumba haipo, wagawanyike kuomba makao kwenye mizinga mizima iliyo karibu, na walinzi wa huko watajua wa kumpokea na wa kumkataa. Yako maneno kwamba vibarua wanaotaga hawawezi kuruka na hivyo hupotea njiani. Si kweli, huruka vizuri tu. Kinachofanya kazi ni kwamba kila mzinga hupata wachache, na wachache hawana nguvu ya kumdhuru malkia mwenye kundi lake.

Malkia mmoja tu

Ukiwaacha malkia wawili wapigane, huenda akashinda yule dhaifu, au mshindi akabaki na bawa lililokatika na mguu uliolemaa, naye akakataliwa baada ya wiki. Chagua mwenyewe. Mwenye majana yaliyojaa bapa moja, na ambaye nyuki wake hawakukukimbilia usoni ulipofungua, huyo ndiye abaki.

Malkia wa nyuki wetu wa pwani ni mgumu kuonekana. Ukifungua mzinga hukimbia, na nyuki nao hukimbia pamoja naye hadi kona ya chini. Usipoteze nusu saa kumtafuta fremu kwa fremu wakati nyuki wanazidi kukasirika. Tumia chujio: weka sanduku tupu juu ya sakafu ya mzinga, juu yake wavu wa kuzuia malkia, juu ya wavu sanduku jingine tupu. Kung'uta nyuki wote ndani ya sanduku la juu na uwashushe kwa moshi kidogo. Vibarua watapita kwenda chini kwenye giza. Malkia na madume watabaki juu ya wavu. Kazi hii ni ya dakika kumi na tano.

Mtoe wa kuondolewa jioni ya siku ya kwanza na mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti, ukitunze. Kuunganisha iwe jioni ya siku ya pili. Saa hizo 24 zinatosha nyuki kuhisi harufu ya malkia wao imepungua, na bado hawajawa na muda wa kulea mwingine. Ukichelewa siku nne au tano, kagua kila fremu na ubomoe kila kijumba cha malkia, kile kinachoning'inia kama ganda la karanga. Kimoja tu ukikisahau kitazaa mpinzani.

Kuisogeza mizinga

Kundi nyonge ndilo linalohamia kwa lenye nguvu, kwa sababu wanaochanganyikiwa na kurudi mahali pa zamani watakuwa wachache. Kama mizinga ina mita mbili tatu kati yake, usisogeze kitu. Ukiondoa stendi ya zamani watampata jirani. Ikiwa iko mbali zaidi ndani ya shamba hilohilo, sogeza mzinga nyonge nusu mita kila jioni ya siku ambayo nyuki wametoka. Siku ya mvua haihesabiwi, maana hawakutoka kujifunza mahali papya. Ikiwa umbali ni zaidi ya kilomita tano, kwa mfano kutoka Jilore kuja Ganda, beba usiku moja kwa moja, mlango umezibwa kwa wavu wa kupitisha hewa.

Kabla hujagusa chochote, mwambie kila mtu wa jirani, na uhakikishe mbuzi, ng'ombe na punda waliofungwa kamba wamehamishwa. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia, naye ndiye huuawa.

Njia ya gazeti

Gazeti hutenganisha makundi mawili kwa siku moja au mbili, nyuki wakilitafuna kutoka pande zote mbili. Kufikia wakati wanaonana ana kwa ana, harufu zimekwisha changanyika kupitia tundu, na hakuna mgeni tena.

Andaa: ukurasa mpana mmoja wa gazeti la kawaida lisilong'aa (Taifa Leo inafaa sana), pini nne, kisu chenye ncha, bomba la moshi, patasi, brashi au kishada cha majani mabichi, nusu lita ya maji ya sukari, tochi yenye mwanga mwekundu, na msaidizi mmoja aliyevaa kama wewe. Maji ya sukari ni kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Nyuki hawaoni rangi nyekundu, hivyo tochi hiyo hawataifuata. Ya mweupe wataipanda hadi mkononi. Kwenye bomba la moshi weka makumbi makavu ya nazi. Puliza juu ya mkono wako kwanza: moshi ukiwa wa baridi na mweupe, tayari, ukiunguza, ongeza majani mabichi juu. Matambara yenye mafuta ya taa hayafai kabisa.

Pima masanduku yote mawili kwa futi siku moja kabla. Mafundi wetu hawachongi sawa, na sanduku moja likizidi jingine kwa sentimita moja nyuki watapita pembeni ya gazeti na kupigana usiku kucha. Mwanya wowote unaopitisha nyuki uzibe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na maji.

Anza kama saa kumi na mbili jioni, nyuki wakiwa wamerudi na joto limeshuka.

1. Puliza moshi mara tatu mlangoni mwa mzinga wenye malkia, subiri dakika mbili. Fungua, kwangua nta iliyojengwa juu ya fremu ili gazeti lilale bapa.

2. Tandaza gazeti lifunike sehemu yote ya juu na lizidi kila upande kwa sentimita tatu. Lishike kwa pini. Upepo wa kusi hauna huruma na karatasi, kwa hivyo simama upande unakotoka ukiukinga kwa mgongo, na msaidizi ashike pembe.

3. Kwa ncha ya kisu, kata vipasuo sita hadi nane vya sentimita moja, kwenye nafasi zilizo kati ya fremu. Usizidishe. Vipasuo virefu ni mlango, na kazi ya gazeti itakuwa bure. Nyunyizia kijiko kimoja cha maji ya sukari juu yake waanze kulitafuna.

4. Tenganisha sanduku la kundi nyonge na sakafu yake, linyanyueni wawili mkiwa mmelinyoosha, liketisheni juu ya gazeti kwa mkupuo mmoja. Kulivuta huku na huku hupasua karatasi.

5. Weka juu ya fremu chupa ndogo ya maji ya sukari iliyopinduliwa, yenye matundu ya msumari kwenye kifuniko, ukiizungushia sanduku tupu. Kisha funika.

Hatua hiyo ya tano ndiyo inayosahaulika, na pwani ndiyo yenye kuokoa. Nyuki wa juu wamefungiwa, hawana mlango, na maji ya kupoza nyumba hawawezi kuyaendea. Sega changa hulainika kwa joto la mchana, likianguka asali humwagika, nyuki huzama na majimoto huitwa kutoka mbali. Kwa hiyo wape kinywaji, acha ufa wa milimita tatu nyuma ya kifuniko (hewa hupita, nyuki hapiti), na jenga kivuli cha makuti kinachozuia jua la saa sita. Mlango wa chini usiupunguze chini ya sentimita nane.

Mzinga wa papi za juu

KTBH hauwekewi sanduku juu, hivyo gazeti husimama wima. Papi zake zina upana wa milimita 32, na mzinga wenye papi 26 hadi 28 una nafasi ya kutosha makundi mawili ya wastani. Sogeza masega ya kundi lenye malkia yakae upande wa mlango. Chukua papi tupu, bandika gazeti chini yake lining'inie kama pazia, ukate kufuata umbo la mzinga na kuacha sentimita mbili za kukunja kila upande. Shusha pazia mahali pake, kunjo zishike kwa pini kwenye kuta na sakafuni. Toboa vipasuo vinne tu.

Nyuma ya pazia panga masega ya kundi nyonge moja moja, kwa mfuatano uleule yaliokuwa nao. Sega la papi halina waya: lishike likiwa limesimama daima, ukitaka kuona upande wa pili zungusha papi kama ufunguo, usililaze. Ukuta wa nyuma uwe na tundu la hewa lililozibwa kwa wavu wa waya.

Kundi lililo kwenye mzinga wa gogo ni bora ulihamishie kwanza kwenye fremu, masega ya majana yamefungwa kwa miyaa, uliache wiki mbili, kisha uunganishe.

Siku saba za kungoja

Usifungue. Nyuki wetu wakisumbuliwa katika siku hizi humzingira malkia kama mpira na kumwua kwa joto la miili yao, au hufungasha wote na kuhama. Tazama mlangoni tu.

Siku ya pili au ya tatu utaona vipande vidogo vya karatasi chini kama machujo. Hiyo ndiyo habari njema. Maiti ishirini au thelathini ni kawaida. Ukikuta mamia, na nyuki wawili wawili wamekumbatiana wakibingirika, gazeti limepasuka mapema: puliza moshi mwingi, nyunyizia maji ya sukari kutoka juu yaliyochanganywa na maji kidogo ya mchaichai yaliyopoa. Harufu huwaficha wao kwa wao na wakilambana hutulia. Usijaribu kuwatenganisha tena.

Nyuki wakining'inia nje kama ndevu mchana, ongeza kivuli kabla ya jambo lingine. Harufu kali kama ya ndizi mbivu maana yake wametoa onyo la kuuma, na mwenye kusimama hapo aondoke. Aliyeumwa akwangue mwiba kwa ukucha mara moja, asiubinye. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, ni hospitali papo hapo.

Ikiwa siku ya tatu hakuna karatasi chini na huko juu kumenyamaza, inua sanduku la juu kidogo jioni. Pengine kundi la juu lilikuwa dogo mno kutafuna. Chana gazeti kwa kidole, mpasuo mmoja mrefu, funika, uondoke.

Siku ya saba fungua jioni. Unatafuta kitu kimoja: yai moja katika kila kijumba, limesimama katikati ya kitako. Ukiliona, malkia yupo na si lazima umwone yeye mwenyewe. Ukikosa mayai na ukakuta vijumba vya malkia vinajengwa, ameuawa. Acha kijumba kimoja kizuri, bomoa vingine, na uwape takriban wiki nne.

Sasa punguza nyumba. Chagua fremu kumi bora ziingie sanduku la chini: majana katikati, chavua pembeni mwake, asali mwishoni kabisa. Nyuki wakifunika zote kumi, acha sanduku la juu liwe la asali na utenganishe kwa wavu wa kuzuia malkia. Wasipozifunika, ondoa sanduku la juu leo hii, kwa kuwa sega lisilo na nyuki juu yake ni mali ya nondo. Masega meusi ya zamani yayeyushe. Meupe yakae saa 24 kwenye friza, lakini isiwe ile ya samaki, kisha yatundike penye mwanga na upepo, yakiachana upana wa mkono.

Mzinga uliobaki mtupu ukwangue, upitishe moto wa haraka ndani, upake nta iliyoyeyushwa kwenye fremu tano, na udondoshe matone machache ya kile kichupa cha spiriti alimo malkia wa zamani. Utundike kivulini, mita mbili tatu kutoka ardhini, nyaya zikiwa na grisi mpya. Vuli ikipita, makundi yanayotoka msitu wa Arabuko-Sokoke kutafuta makao yataukuta umetayarishwa.